Kufungashia Wingu Programu za Mazishi

Mimi si mtu wa subira, afadhali niseme mapema kabla hujajiuliza kwa nini nagombana na mashine kila mahali. Kwetu walizoea. Mamangu akinisikia nikifoka chumbani alikuwa akiuliza tu, "Ni mtu ama ni kompyuta?" Nikisema ni kompyuta, anaendelea kukata sukuma wiki yake.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi katika duka la uchapishaji hapa Eldoret, mtaa wa nyuma ya soko. Mwenye duka ni mwanamke mtu mzima ambaye mji mzima unamwita Mama, hata wale wanaomzidi umri. Anachapisha kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda za makanisa. Lakini kilichomjengea jina ni programu za mazishi. Ukifiwa Turbo, ukifiwa Burnt Forest, hata ukifiwa kule Elgon View kwenye mageti makubwa, lazima mtu kwenye kamati aseme, "Peleka kwa Mama." Na programu kwetu si karatasi ya kufuata ibada tu. Watu huihifadhi kabatini miaka na miaka. Kuna ukurasa wa familia, unaotaja watoto wa marehemu mmoja baada ya mwingine, wa kwanza hadi wa mwisho. Ukiandikwa pale, umeandikwa. Ukiachwa, hata ukoo wote ukuapie, watu washasoma.

Kazi ilienda hivi. Duka linaipa familia faili tupu ya kujaza. Familia inaijaza kwenye simu, na kila mtu lazima aiguse. Shangazi anaongeza wajukuu, mjomba anabadilisha wimbo, binamu aliye ng'ambo anatuma rambirambi ndefu kuliko wasifu wenyewe. Faili ya namna hiyo haina adabu. Ukiifungua kwenye simu nyingine unakuta picha imehama na jina limeruka ukurasa. Kwa hiyo kabla ya kuchapisha ni lazima igeuzwe iwe PDF, ambayo haisogei popote utakapoifungulia. Tunaituma kwenye grupu ya kamati, wanaangalia, halafu wanaandika, "Amen, chapisha." Hiyo ndiyo sahihi yetu. Wakishasema Amen, Mama anawasha mashine.

Kugeuza huko kulifanywa na kompyuta moja ya duka ambayo ingekuwa mtoto ingekuwa imemaliza shule. Stima zikipotea, kamati tatu zinatupigia simu kwa pamoja. Siku moja nikamwambia Mama tuipeleke kazi hiyo mtandaoni, kwenye wingu. Familia itume faili yenyewe na irudishiwe PDF kwenye simu, hata duka likiwa limefungwa.

"Tunanunua kompyuta nyingine?" akauliza.

"Hapana, Mama. Huko hakuna kompyuta."

"Hakuna kompyuta, na kazi inafanywa na nani?"

"Kompyuta iko, lakini si yetu, na hatutawahi kuiona. Faili ikija, kazi inaamka, inageuza, inalala. Tunalipia tu wakati imeamka."

Aliniangalia juu ya miwani. "Ni kibarua."

"Ndiyo, ni kibarua."

"Na akilala, analala wapi?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikagundua kwamba sijui. Nikamwambia hilo si la maana.

Sasa, chombo chenyewe cha kugeuza ni programu kubwa ya ofisi, ile ya bure, ya kuandikia barua na kupiga hesabu na kuchora na mambo mengine ambayo sijawahi kuona mtu akiyafanya. Mimi nilitaka kipande kimoja tu, cha kugeuza faili iwe PDF. Lakini hakiuzwi kwa vipande. Na hao wa wingu wana kipimo chao: kifurushi kikizidi uzito, kinakataliwa mlangoni. Changu kilikataliwa. Nikaanza kunyofoa. Nikatoa kamusi za lugha ambazo hakuna mtu wa Uasin Gishu anayezizungumza. Nikatoa alama, mafunzo, mapambo. Kikapungua, bado kizito. Nikatoa sehemu ya hesabu, nikasema marehemu hahitaji hesabu, na hapo chombo kikafa. Nikairudisha sehemu ya hesabu. Kikabaki kimekufa. Nikarudisha kila nilichokuwa nimetoa, kimoja kimoja, na bado hakikuamka. Nilikaa nikiangalia ukuta. Ukitoa kitu na kingine kikaharibika, ukikirudisha si kinafaa kupona? Mimi ndivyo nilivyofundishwa.

Nilianza upya. Safari hii kikawa kinalalamika kwamba kuna faili zake za kutegemea hazipo. Nikaangalia kwenye laptopu yangu, zipo. Nikaangalia kwenye kifurushi, zipo. Kule juu, hazipo. Kumbe zilikuwa zimewekwa folda ambayo chombo hakikuwa na habari nayo, na laptopu yangu ilikuwa ikikisaidia kimyakimya siku zote bila kuniambia. Nikalitatua hilo, kikageuza faili ya kwanza, na nilipoifungua nikaona kurasa nzimanzima za viboksi vitupu. Wingu halikuwa na fonti. Hakuna aliyeniambia kwamba hata herufi unaenda nazo mwenyewe. Nikapakia fonti, herufi zikarudi, lakini zikawa pana kidogo kuliko za duka, basi mistari ikasukumana mpaka "Marehemu ameacha" likabaki chini ya ukurasa mmoja na aliowaacha wakaanzia ukurasa wa pili. Mama alisoma hiyo, akacheka hadi akatoa miwani.

"Wewe msichana, hii wingu yako imelewa."

Mimi sikucheka. Nilikuwa karibu kulia, haki.

Halafu kulikuwa na hili la kuandika. Chombo kikiamka hutaka kuandika mipangilio yake, na kule kila mahali pamefungwa isipokuwa folda moja ya muda. Nikakielekeza huko, kikakubali bila kelele. Kwa nini kikubali hilo wakati kimegomea mengine yote, sikujua, na nilikuwa nimeshaacha kuuliza.

Tabia yake ya mwisho ndiyo iliyonikera zaidi. Chombo kile kikimaliza kazi husema "sawa". Kikishindwa, nacho pia husema "sawa". Nikakasirika, nikaandika maagizo mapya: usisikilize kinachosemwa, angalia folda ya muda, ukiona PDF ya familia hii ipo, itume. Na kwa kuwa familia zote hutumia faili ya duka yenye jina lilelile, kwa sababu hakuna mtu hubadilisha jina la faili hata umwombeje, nikaweka namba ya simu ya familia mbele ya jina ili wafu wasichanganyike. Nilijipongeza. Mama akaninunulia soda.

Ilifanya kazi vizuri. Familia zikapenda, sisi tukapumua, na mimi nikaanza kutembea mjini na kifua mbele.

Ndipo ikaja familia moja ya Turbo. Walikuwa wamefiwa na mama yao, mazishi Jumamosi. Kijana wao aliyeshughulikia programu alituma faili, akarudishiwa PDF, akarekebisha, akatuma tena. Grupu ya kamati ikajaa Amen mpaka zikawa zinapandana. Tukachapisha, tukakunja, tukapiga stepla, tukaweka kwenye boksi.

Ijumaa asubuhi akaja mwanamke kuchukua. Alikuwa amenizidi umri kidogo, amejifunga kitambaa cheusi kichwani, na bado alikuwa na aproni ya duka la nafaka, vumbi la mahindi likiwa mabegani. Akasema ametumwa na ndugu zake wa Turbo kwa kuwa yeye yuko hapa mjini na atasafiri kesho asubuhi. Nikamfungulia boksi. Mimi nimeona watu wengi wakishika programu kwa mara ya kwanza, na wote huangalia picha ya mbele, wengine huibusu. Huyu hakuangalia picha. Alienda moja kwa moja kwenye ukurasa wa familia, akasoma akiwa amesimama.

"Hii ndiyo walisema ichapishwe?" akaniuliza.

"Ndiyo, dada."

"Wenyewe walisema?"

Nikamwonyesha simu ya duka, na Amen zote zile. Alizisoma. Kisha akairudisha programu ndani ya boksi, akailinganisha na nyingine vizuri ili isitokeze.

"Sawa. Mtu mwingine atakuja kuchukua," akasema. "Mimi kesho siendi."

Mama alikuwa kwenye mashine ya kukata karatasi na nilidhani hasikii. Alizima mashine. Akaja, akamshika mkono yule mwanamke, akamkalisha kwenye benchi la wateja na kumtilia chai kutoka kwenye thamosi yake mwenyewe, ambayo mimi siruhusiwi kuigusa.

Yule mwanamke aliongea polepole, akimtazama Mama tu. Marehemu alimzaa kabla ya kuolewa. Alipopata mume huko Turbo, mtoto aliachwa kwa nyanya, upande wa Webuye na mbele kidogo, kama ilivyo kawaida. Wengi wetu tuna mmoja wa hivyo nyumbani. Alikua huko. Turbo alikuwa akienda kama mgeni, anakaribishwa vizuri, analala chumba cha wageni, anarudi. Hakuwahi kulalamika. Sasa mama alipofariki, wale ndugu zake wadogo wakamwita kwenye kikao, mbele ya wajomba, wakasema wao hawataki tena mambo ya kufichana: yeye ni wa kwanza, na ataandikwa wa kwanza.

"Mimi sikuwa nimeuliza, Mama," akasema. "Miaka yote hiyo sijawahi kuuliza. Ni wao walisema. Sasa kwani walisema ya nini?"

Niliichukua ile programu nikasoma. Kweli, watoto wa marehemu walianza na yule kijana wa grupu. Yule mwanamke hakuwepo. Sijui kilichonipanda kichwani. Nilijisikia kana kwamba ni mimi nimeachwa. Nikampigia yule kijana na sikumsalimia hata.

"Dada yenu yuko hapa," nikamwambia. "Mbona mlimtoa?"

"Kutoa nani? Nimemwandika kwa mikono yangu."

"Kwa hii ya kuchapishwa hayupo."

"Yupo. Wa kwanza kabisa."

"Ndugu yangu, nina rekodi hapa. Ulituma mara mbili, na mara zote mbili mtambo umeandika imefaulu. Mashine haina ukoo. Haiwezi kuamua itoe nani."

Nilijua nimemshika, nikaona raha ya kushinda, raha mbaya. Kisha akasema taratibu, "Dada, nakutumia hiyo faili tena sasa hivi. Ifungue ukiwa naye." Akakata simu.

Faili ilikuja. Nikaifungua kwenye laptopu, skrini nikiwa nimeigeuzia upande wangu, kwa sababu nilikuwa na hakika amemwongeza saa hiyohiyo ili kujitetea. Jina lilikuwepo, juu ya yote. Nikaangalia faili ilibadilishwa lini mara ya mwisho. Ilikuwa kabla hatujachapisha, kabla hata ya Amen ya kwanza.

Hapo ndipo nilichanganyikiwa kabisa. Faili ni hiyohiyo. Kwenye laptopu yuko, kwenye karatasi hayuko. Nikaituma kupitia wingu, nione. Hakuna kilichorudi, ila neno kwamba PDF haipo. Nikatuma tena. Haipo. Sasa jana iliwezaje? Nikachukua ile faili yao ya kwanza, ya kabla ya marekebisho, nikaituma. Ikageuka vizuri. Nikarudia ile mpya, ile ambayo dakika chache nyuma ilikuwa imekataa. Ikarudi, safi, kurasa zote. Nikafungua ukurasa wa familia na yule mwanamke hayumo.

Niliangalia mikono yangu. Nikajiuliza kama nimebonyeza faili isiyo yake. Nikarudia, nikisema kwa sauti kila ninachobonyeza, na Mama akamwambia mgeni, "Usijali, huwa anaongea na hizo vitu." Matokeo yakawa yaleyale. Faili yenye jina lake inaingia, PDF isiyo na jina lake inatoka.

Nilichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilishikwa na aibu na hasira kwa pamoja, nisijue nimwelekezee nani. Kibarua akimaliza kazi haendi zake mara moja. Anasinzia palepale kwa muda, na ile folda yake ya muda iko vilevile alivyoiacha, na PDF ya mwanzo bado imo. Faili mpya ilipokuja, chombo kilijaribu kuigeuza kikashindwa, kikasema "sawa" kama kawaida yake. Maagizo yangu, yale niliyojipongeza nayo, yakaangalia folda, yakaona PDF ya familia hii ipo, yakaituma. Ilikuwa ya zamani. Leo nilipoituma mara ya kwanza folda ilikuwa tupu, ndiyo maana haikurudi kitu. Na kamati nzima, watu wazima, wakaona picha ya mama yao iko mbele na ni nzuri, wakasema Amen bila hata mmoja kufungua ukurasa wa ndani.

Lakini kwa nini ilishindwa? Nikaongeza agizo la kufuta PDF ya zamani kwanza, nikaanza kuipekua ile faili. Maneno hayakuwa na neno. Nyimbo ziko sawa. Kulikuwa na picha moja mpya, chini ya majina ya watoto, iliyotoka kwenye simu ya kisasa bila kupunguzwa hata kidogo, nzito kuliko programu nyingine yote ukiiweka pamoja. Nikaitoa, faili ikapita, na jina la mwanamke likatokea juu ya ndugu zake. Nikairudisha, ikakwama. Picha ndiyo iliyolemea mtambo. Mpaka leo sijaelewa kwa nini kuna picha nyingine kubwa zilizopita bila shida na hii ikagoma, na nikiulizwa hujifanya nimeshikwa na kazi.

Nikaifungua picha yenyewe ili niipunguze. Mtu alikuwa amepiga picha ya picha ya zamani ya karatasi, kona moja imeliwa. Msichana mdogo hivi, labda wa kumaliza shule, amesimama mbele ya nyumba ya udongo, ameshika mtoto mchanga na kumwelekeza kwenye kamera kwa mikono yote miwili. Chini yake yule kijana alikuwa ameandika: Mama na mzaliwa wake wa kwanza.

"Dada," nikamwambia, "hebu njoo uone."

Nilimweleza lile la folda na PDF ya zamani, haraka na vibaya, na sidhani alisikia hata nusu. Nikamwambia kwa lugha rahisi: walikuandika, ni mashine yangu ilikutoa. Kisha nikamgeuzia skrini.

Aliinama karibu sana. Alikaa hivyo mpaka Mama akaja kusimama nyuma yake.

"Hiyo ni nyumba ya nyanya," akasema. Halafu akasema, "Hii picha sijawahi kuiona. Niliambiwa hakukuwa na picha."

Mama hakuuliza mtu. Alichukua simu ya duka akampigia kijana wa Turbo, akaiweka sauti ya nje mezani. "Hii picha mliitoa wapi?" akamuuliza.

"Ilikuwa kwa fremu ya harusi yao, Mama," sauti ikasema. "Kwa ukuta, hapo sebuleni. Tulifungua fremu tupanguse kioo, ikaanguka. Alikuwa ameiweka nyuma ya ile ya harusi."

Mwanamke akaketi. Nilidhani atalia, nikaanza kutafuta tishu na sikuzipata. Hakulia. Chumba cha wageni alicholala kule miaka yote kilitenganishwa na ile fremu kwa mlango mmoja tu. Alisema hivyo, mlango mmoja, kwa Mama, si kwangu. Mama tayari alikuwa anafungua rimu mpya ya karatasi. Nikaipunguza picha, nikageuza faili kwenye laptopu yangu, si kwa wingu, nikasoma kila ukurasa kwa sauti kabla ya kumpa. Mashine ikaanza kunguruma.

Kule Turbo kijana alikuwa bado kwenye laini, anasema "halo, halo", hajui kama tumemwacha. Yule mwanamke akaivuta simu karibu. Alijipangusa vumbi la mahindi begani kabla ya kuongea, kana kwamba anaonekana.

"Ni mimi," akasema. "Hizo sufuria kubwa za kupikia wageni kesho ziko za kutosha, ama nikuje na zangu?"